Jinsi ya Kusoma Vitabu vya Historia ya Unyanyembe Ukiwa Tabora

Mkazi wa Tabora anayetaka kuijua historia ya Unyanyembe, utemi wa zamani wa Wanyamwezi wa hapa Tabora, kwa njia ya vitabu ana jambo ambalo msomaji wa mbali hana: akishafunga kitabu anaweza kwenda Kwihara, akapita Kwikuru, akapima mwenyewe umbali ambao mwandishi ameutaja kwa maneno mawili tu. Nimevisoma vitabu vya aina hii kwa miaka mingi, na karibu makosa yangu yote ya mwanzoni yalitokana na chanzo kimoja, nacho ni kukiamini kila kilichochapishwa kwa uzito uleule. Maneno ya mtu aliyeona na maneno ya mtu aliyesimuliwa huchapwa kwa wino mmoja na herufi za ukubwa mmoja. Kazi ya msomaji ni kuyatenganisha, na maelekezo yafuatayo yanahusu kazi hiyo.

Usianze na kitabu kinachosimulia historia ya nchi nzima tangu zama za mawe hadi Uhuru. Chagua tukio moja, mwaka mmoja, kisha tafuta kila kitabu kinachoweza kukupa ukurasa juu yake. Kwa msomaji wa Tabora mimi hupendekeza mwaka 1871. Mwaka huo Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji, Waarabu wa Tabora wakaamua kupigana naye, na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa amefika kumtafuta mmisionari na msafiri David Livingstone, akajiunga nao mwezi wa Agosti. Vita haikuwaendea vizuri. Tarehe 22 Agosti askari wa Mirambo waliingia Tabora yenyewe, wakachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Tukio hili linafaa kwa sababu limeandikwa na watu wa pande tofauti kwa nyakati tofauti, na tofauti hizo ndizo zinazomfundisha mtu kusoma.

Ukikipata kitabu, hata kama ni nakala iliyochakaa ya maktaba ya mkoa isiyo na jalada, soma kwanza ukurasa wenye mwaka wa toleo, kisha dibaji, kisha faharasa ya mwishoni. Mwaka unakueleza mengi. Kitabu cha msafiri Mwingereza Richard Burton kuhusu nchi za maziwa kilitoka 1860, miaka michache tu baada ya yeye na mwenzake Speke kufika Tabora mwezi Novemba 1857. Kile cha Stanley kilitoka 1872, kabla vumbi la safari halijatulia, na kiliandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakisubiri habari za kusisimua. Kitabu cha J. B. Kabeya kuhusu Mtemi Mirambo kilitoka 1966, nchi ikiwa na miaka mitano ya Uhuru na ikihitaji kuwaona tena watawala wake kwa macho yake yenyewe. Kila kimoja kati ya hivi kina haki ya kusomwa, lakini swali la kukiuliza si lile lile. Stanley muulize alisimama wapi alipoona anachokisema. Mwandishi wa 1966 muulize alizungumza na wazee gani, na wazee hao walipokea kwa nani.

Majina ndiyo yanayowakwamisha wasomaji wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mtu anafungua faharasa ya kitabu cha zamani, anatafuta Tabora, haioni, anakirudisha kitabu rafuni akidhani mji wake haumo. Burton aliuita mji huo Kazeh. Mtemi Mnywa Sele, aliyenyang'anywa kiti cha Unyanyembe na Waarabu wakamweka Mkasiwa, ameandikwa kwa Kiingereza cha wakati ule kama Manua Sera. Mtemi Isike utamkuta akiitwa Siki. Katika vitabu vya Kijerumani herufi j husomwa kama y yetu, kwa hiyo Unjamwesi ni Unyamwezi na Tanganjika ni ziwa letu lile lile, na Ujiji wenyewe mara nyingi huandikwa Udjidji. Kabla ya kusoma sura ya kwanza, andika katika karatasi jina kama unavyolijua wewe, na mbele yake kila sura ya jina hilo unayoikuta. Litamke kwa sauti. Sikio la mtu aliyezaliwa Unyamwezi hulitambua jina ambalo jicho limelipita, na mara nyingi nimeona bibi asiyejua kusoma akimsahihisha mwanafunzi wa chuo kwa kumsikiliza tu akilisoma neno.

Tarehe nazo zisikutishe wala zisikulaze. Watu wengi wanajua kwamba Stanley na Livingstone walikutana Ujiji, na kitabu cha Stanley kinataja tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inauweka ujio wa mgeni huyo katika mwezi wa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na kupoteza hesabu ya siku, na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano wenyewe zilichanwa. Hapa usiitupe sarafu juu. Andika tarehe zote mbili, andika nani ameitaja ipi, kisha endelea. Msomaji anayeweza kubaki na mambo mawili yasiyopatana bila kulazimisha jibu amekwisha kupiga hatua kubwa.

Na hata shajara iliyochapishwa si shajara yenyewe. Maandishi ya mwisho ya Livingstone yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1874, mwenyewe akiwa amekwisha kufa, na aliyeyahariri ni rafiki yake Horace Waller. Lakini mwaka 1871, Livingstone alipoishiwa karatasi, alikuwa akiandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino uliotengenezwa na mmea, na wino huo ulififia hata usisomeke. Wataalamu walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maandishi yakaonekana tena. Yalipolinganishwa na kitabu, ilidhihirika kwamba mambo kadhaa yalikuwa yamepunguzwa au kubadilishwa, kwanza na Livingstone mwenyewe alipoyanakili, kisha na mhariri. Ndiyo maana nasisitiza dibaji isomwe: humo ndimo mhariri anapokiri, au anaposhindwa kukiri, mkono wake umefika wapi.

Kisha tafuta sauti ya Kiswahili. Tunayo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi yake yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake alikuwa na makazi Tabora, na alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira, kwa hiyo mambo ya Unyanyembe anayazungumza kama mambo ya nyumbani. Kwa msomaji wetu, kuyasoma maneno hayo bila tafsiri katikati ni neema, maana lugha ya biashara, ya ukoo na ya ugomvi inasikika kama ilivyosemwa. Hata hivyo, yasome ukijua kwamba msimulizi ni mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watu, anayejitetea mbele ya historia. Hesabu ya frasila, kipimo cha uzito wa pembe, anaikumbuka vizuri. Majina ya waliobeba pembe hizo begani, ambao wengi wao walikuwa vijana wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi kwa miguu, ni machache sana. Mbele ya kila kitabu jiulize nani ametembea ndani yake bila kutajwa jina, na umwandikie mstari wake katika daftari.

Daftari hilo liwe la kawaida, la mistari, na kila ukurasa uugawe kwa kalamu ya risasi katika safu nne: jambo lililosemwa, aliyelisema, kama aliona au alisikia, na mwaka alioandika. Ukurasa wangu wa vita vya Mirambo una mstari huu: «22 Agosti 1871, kifo cha Khamis bin Abdullah, Stanley, hakuwapo, alikuwa Kwihara, habari alizipata kwa waliokimbia, 1872.» Safu ya tatu ndiyo yenye thamani. Ukiijaza kwa uaminifu kwa kurasa kumi utashangaa ni mara ngapi unalazimika kuandika «alisikia».

Ramani isomwe pamoja na maandishi. Vitabu vya karne ya 19 hupima njia kwa siku za mwendo, kwa kuwa reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Stanley alipotoka Kwihara tarehe 20 Septemba 1871 alizunguka kusini kuikwepa nchi ya Mirambo. Weka kidole juu ya ramani ya sasa ulifuate zunguko hilo, halafu lifuate na reli: treni ya Kigoma inapita Urambo na Kaliua hadi Uvinza, katikati ya nchi ile ile ambayo msafara wenye bunduki haukuthubutu kuipita. Nguvu ya Mirambo niliielewa siku nilipofanya hivyo, kuliko nilivyoielewa kwa sura nzima ya sifa.

Sasa nenda Kwihara. Tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo Livingstone alikaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 liko kilomita chache kusini-magharibi ya mji, na bodaboda wanalijua. Nenda na nakala ya kurasa zinazolihusu, uzisome ukiwa uani, si kabla wala baada. Jengo limefanyiwa ukarabati, kwa hiyo usiuchukulie kila ukuta kuwa shahidi wa mwaka huo. Lakini mahali penyewe, mwinuko wa ardhi, na umbali hadi mjini havikukarabatiwa.

Ukifika kwa wazee, toa shikamoo, kaa, na mazungumzo ya hali yamalizike kabla ya kutoa daftari. Omba ruhusa ya kuandika na uombe tena, mbali na ile ya kwanza, ruhusa ya kurekodi kwa simu. Jambo la utumwa lisiulizwe kwa kidole. Tabora na Ujiji zina familia nyingi ambazo wazee wao waliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa bila hiari yao, na kitabu kinapoandika idadi, mbele yako ameketi mjukuu. Muulize mzee anachopenda kukumbuka, na umwache anyamaze anaponyamaza. Anapokwisha, muulize swali moja la mwisho: «Hili, mzee wangu, ulilipata kwa nani?» Jibu lake liandike katika safu ya tatu, palepale ulipoandika la Stanley, na siku ya pili mrudie umsomee ulichoandika ili asahihishe.