Kabla ya kusimamisha kuta za chumba cha ubaridi pwani

Ukitaka kujenga chumba cha kugandishia samaki Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, usianze na mashine. Anza na mvuke wa maji uliomo hewani: unatoka wapi, unaelekea wapi? Miongozo mingi ya kuzuia unyevu ukutani imeandikiwa nchi za baridi kama Kanada, ambako joto liko ndani ya nyumba, hivyo nailoni hutandazwa upande wa ndani. Huku kwetu ni kinyume. Joto na unyevu viko nje, na mvuke unasukuma kuingia usiku na mchana, kwa hiyo kizuizi chake kikae nje. Muulize fundi kizuizi kinakaa upande gani; akikujibu "popote tu", mtafute mwingine.

Piga hesabu. Hewa ya nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 27 hivi. Wewe ndani unataka nyuzi 18 chini ya sifuri. Mvuke ukipata upenyo utaganda katikati ya ukuta, na barafu hupitisha joto takriban mara 90 ya povu lililomo kwenye paneli, yaani vipande vya ukuta vyenye povu katikati ya mabati mawili. Mashine itanguruma usiku kucha na umeme utaisha kama maji.

Bati la paneli halipitishi mvuke. Hatari iko kwenye maungio. Silikoni iingie wakati paneli zinaunganishwa, si kupakwa juu kama urembo kazi ikishaisha. Halafu kuna kitu ambacho karibu kila mtu husahau: bomba la waya wa taa. Kwa nje limezibwa vizuri, ila hewa inapita ndani yake, na baada ya muda taa inajaa maji. Lizibe ndani ya tundu lake pia, upande wa joto, yaani nje ya chumba.

Sakafu nayo iwekewe povu la kuzuia joto, nailoni ikiwa chini yake, na chini kabisa pawe na mabomba ya kupitisha hewa au waya wa kupasha joto. Udongo ukiganda huinua zege. Vali ya kusawazisha mgandamizo wa hewa kati ya ndani na nje ya chumba iagizwe pamoja na paneli.

Siku ya kuwasha, shusha ubaridi taratibu kwa siku kadhaa, kisha zunguka nje ukipapasa maungio. Panapotoka jasho, zima mashine, paziba upya.