Kuandaa gari la tabo kwa mbio za kasi ya juu

Gari la tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) lililodumu kwenye mbio za mita 400 linaweza kuungua injini kwenye mbio za kasi ya juu. Kukanyaga mafuta mpaka chini kwa sekunde 30 kunakusanya joto jingi, na Unguja wakati wa Kaskazi hewa yenyewe inaingia ikiwa na nyuzi 30 na zaidi.

Punguza presha ya tabo kwa 0.2 bar hivi. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukae karibu na 11.5 kwa 1. Ukipanda hadi 12.5 kwenye presha kamili, injini inaweza kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani yake, na pistoni kutoboka. Weka plagi za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa daraja moja, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Osha mapezi ya rejeta na intakula (kipoza hewa ya tabo), maana chumvi ya pwani huyala.

Matairi ndiyo roho yako. Mtumba usiuguse, hata kashata (meno ya tairi) ziwe nzima. Angalia tairi lilitengenezwa lini: namba 2319 ubavuni ni wiki ya 23 ya 2019. Angalia pia herufi ya kasi: W inaishia kilomita 270 kwa saa, Y 300.

Kimbiza kwenye njia iliyofungwa rasmi tu. Ukimaliza, tembeza polepole dakika 2 au 3 kabla ya kuzima, la sivyo oili huganda masizi ndani ya tabo.