Jinsi ya kupiga picha za malundo na kuta zenye tabaka nyingi mjini Lubumbashi

Lundo la vyuma chakavu likipigwa picha vibaya huonekana kuwa takataka tu, na ukuta uliopakwa rangi mara kumi huonekana kuwa ukuta mchafu. Kosa mara nyingi si la kamera. Ni la mpigaji, ambaye ameona wingi wa vitu akadhani wingi wenyewe unatosha. Katika kuzunguka kwangu mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo hapa Lubumbashi, Kongo, na kamera begani, nimefika kwenye kanuni moja ninayoishika kila mara: kabla ya kuinua kamera, jiulize ni kitu gani kiliwekwa mwisho. Lundo na ukuta vyote viwili vimejengwa kwa zamu, kitu juu ya kitu na rangi juu ya rangi, na picha nzuri ni ile inayomwezesha mtazamaji kuifuata zamu hiyo kwa macho yake bila kuelezwa.

Anza na ukuta, kwa kuwa ukuta hauhami. Chagua duka la kona ambalo limekaa miaka mingi. Kampuni za simu zimekuwa zikipaka maduka ya aina hiyo rangi zao, na kampuni zenyewe hubadilika: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na Vodacom, ambayo tulizoea kuiona kwa buluu, ikawa nyekundu. Kwa hiyo gamba la rangi nyekundu linapobanduka, chini yake unaweza kukuta buluu, chini ya buluu chokaa, na chini ya chokaa tofali lenyewe. Juu ya rangi hizo hubandikwa mabango ya uchaguzi, ya 2006, ya 2011, ya 2018 na ya 2023, kila moja juu ya mabaki ya lililotangulia, hadi mvua inapoyachana na kuacha jicho moja la mgombea na nusu ya tabasamu. Kisha huja maandishi ya brashi: kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, kwamba kukojoa hapa ni marufuku. Na chini kabisa, kufikia magotini, iko rangi ambayo hakuna fundi aliyeipaka, nayo ni udongo mwekundu unaorushwa ukutani na matone ya mvua. Wapigaji wengi huukata mstari huo wa udongo wakidhani unaharibu picha. Mimi nakusihi uuache, maana ndio tabaka la mwisho, na ndio unaomwambia mtazamaji kwamba ukuta huu uko Katanga na kwamba mvua zimeshapita.

Simama ukiutazama ukuta uso kwa uso, lenzi ikiwa sambamba nao, wala usiielekeze juu au chini. Kamera ikiinama hata kidogo, mistari ya matofali itakutana upande mmoja na macho ya mtazamaji yatakimbilia kosa hilo badala ya rangi. Washa mistari ya gridi kwenye kioo cha simu au kamera, ulinganishe mstari mmoja na ukingo wa mlango au safu ya tofali. Ukuta hauna kina, kwa hiyo tundu la lenzi la f/8 linatosha (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo). Ukilifunga zaidi ya f/16 unapoteza ukali badala ya kuuongeza. Kwa anayetumia simu, jitenge na ukuta hatua kadhaa na utumie lenzi ya mara mbili kama simu yako inayo, kwa sababu lenzi pana ya kawaida huvuta pembe za picha na kuyapinda maandishi. Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila kazi. Katika vumbi la Agosti, jambo hili dogo huokoa picha nyingi kuliko vifaa vya gharama.

Kuhusu mwanga nitakaa kidogo, maana hapa miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi za mbali hutupotosha. Huambiwa kila siku kwamba jua la mchana ni adui. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, na jua letu lina tabia zake. Kuanzia Mei hadi Agosti jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini hupata mwanga mchana kutwa, na zile zinazotazama kusini hubaki kivulini tangu asubuhi hadi jioni. Kivuli hicho ni kizuri kwa rangi zilizochujuka, kwa sababu hakina mng'ao. Mnamo Desemba mambo hugeuka, jua likapita kusini kidogo ya utosi. Na katika wiki ya mwisho ya Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la saa sita hupita juu ya vichwa vyetu kabisa, na mwanga wake huteremka kwenye kuta ukizikwaruza kutoka juu hadi chini. Hapo kila gamba la rangi lililoinuka hutupa kivuli chake chembamba, na ukuta uliodhani ni bapa huonekana kama ramani yenye milima. Ukuta unaotazama mashariki hukwaruzwa hivyo karibu na saa tano asubuhi, na ule wa magharibi mara baada ya saa sita. Kwa hiyo fahamu kwanza ukuta wako unatazama wapi, ndipo upange saa ya kurudi.

Lundo linataka kinyume chake. Jua kali likilipiga lundo, vitu huongezeka mara mbili, kwa kuwa kila sufuria huja na kivuli chake, na jicho haliwezi tena kutofautisha bomba na kivuli cha bomba. Subiri mawingu, au nenda mapema kabla jua halijavuka paa la jirani. Asubuhi baada ya mvua ya usiku ni wakati ninaoupenda kuliko wote: vumbi limeoshwa, kutu imekuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na bidoni za njano zinang'aa bila kuunguza picha. Kama chuma kimelowa na kinamulika, zungusha filta ya kupunguza mng'ao hadi weupe upungue, na upunguze mwangaza wa picha kidogo, kwa maana bati jipya na alumini hupoteza maelezo yote yakishakuwa meupe, ilhali kivuli unaweza kukifungua baadaye.

Sasa tazama lundo lenyewe. Katika uwanja mmoja karibu na soko la Kenya, mahali panaponunuliwa vyuma chakavu, ambavyo huku tunaviita mitraye, niliona kwa mara ya kwanza jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakilipita. Kushoto kulikuwa na rejeta za magari zimepangwa kama vitabu. Katikati kulikuwa na sufuria za alumini zilizopondwa bapa kwa nyundo, moja bado ina mpini wake wa mti. Kulia kulikuwa na rimu, minyororo, kiwiliwili cha cherehani kisicho na meza, na nyuma yake nyaya za shaba zilizochomwa ili plastiki itoke, nyeusi nje na nyekundu pale zilipokatwa. Kwa mpita njia ni fujo. Kwa mwenye uwanja ni duka lililopangwa, kwa sababu shaba, alumini na chuma hununuliwa kwa kilo kwa bei tofauti, na mpaka kati ya lundo na lundo ni mpaka wa bei. Ukishaiona mipaka hiyo, picha imejipanga yenyewe: weka mpaka mmoja ukatize fremu, uache vitu vijaze hadi kwenye kingo zote nne pasipo kuonyesha anga wala ardhi, kisha tafuta kitu kimoja ambacho kila mtu anakifahamu, kama ile cherehani, kiwe mahali pa jicho kutua kabla ya kuanza safari. Fumba macho nusu na utazame. Kama bado unaona makundi mawili au matatu ya rangi, bonyeza. Kama unaona ukungu mmoja wa kijivu, sogea.

Lundo lina kina, kwa hiyo hapa funga tundu hadi f/11, weka fokasi kwenye theluthi ya kwanza kutoka mbele, na utumie stendi, au egemeza kamera juu ya ukuta au tairi. Kagua kingo za fremu kwa makini kuliko katikati. Mfuko wa plastiki uliojitokeza nusu kwenye pembe utamvuta mtazamaji nje ya picha.

Usisogeze kitu. Nasema hivi kwa uzito, kwanza kwa sababu zamu ya vitu ndiyo habari yenyewe na ukiibadilisha umeandika uongo, na pili kwa sababu lundo lina mwenyewe. Wakati mmoja nilipiga picha za uwanja bila kusalimu, na mwenye mali alitoka mbio akiamini kwamba nimetumwa kuhesabu bidhaa zake kwa ajili ya kodi. Alikuwa na haki ya kuogopa. Nilifuta picha zote mbele yake, nikarudi juma lililofuata mikono mitupu.

«Jambo papa. Ninaomba kupiga picha ya vitu vyako.»

«Ni ya kazi gani, mwanangu?»

Nilimweleza, nikamwonyesha picha za kuta kwenye simu. Alicheka, akaniita nyuma ya nyumba ambako alikuwa na lundo zuri zaidi ambalo nisingeliona kamwe. Mweleze pia shefu wa mtaa kabla ya kuanza kazi ya siku nyingi, na ujiepushe kabisa na kambi, uwanja wa ndege na majengo ya serikali. Vaa viatu vilivyofungwa, usishike betri za magari zilizopasuka, na usikae karibu na moshi wa nyaya zinazochomwa.

Mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba, ulio kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, upige kutoka mbali. Ulirundikwa tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, ikataifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, na baadaye ukaanza kuchukuliwa tena kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Kuingia bila kibali hakufai, na mlima wenyewe huonekana vizuri zaidi paa za mabati zikiwa mbele yake. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, aliunganisha watu wa picha za zamani na magofu ya kampuni hiyo. Hayo ni matabaka yaliyotengenezwa kwa mkono wa msanii, na yeye hakuyaficha. Ukitaka kufuata njia hiyo, ieleze wazi chini ya picha.

Kwa michoro ya ukutani, tafuta sahihi ya mchoraji, ambayo mara nyingi huwa kwenye pembe ya chini, na uiache ndani ya fremu. Sheria yetu namba 86-033 ya 5 Aprili 1986 inalinda haki za wasanii, na hata isingekuwapo, jina la fundi ni sehemu ya ukuta. Namba za simu zilizoandikwa ukutani zifiche unapochapisha.

Picha za aina hii zina maelezo mengi mno, na WhatsApp huyabana mpaka kutu ikawa tope. Zitume kama faili, si kama picha. Chapisha angalau moja kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, andika nyuma tarehe, barabara na upande ambao ukuta unatazama, kisha mpelekee mwenye ukuta au mwenye lundo nakala yake. Weka alama ya mahali uliposimama, jiwe au nguzo ya umeme, ili mvua zikiisha urudi usimame palepale.