Somo: Kupaka rangi pikapu ya zamani nyumbani kwa rola, bila kompresa

Somo hili linahusu pikapu ya kazi. Tuchukue Hilux ya kebini moja: rangi imepauka hadi ukiigusa inaacha unga mkononi, kutu imeanza juu ya matairi ya nyuma na chini ya milango, na gharama ya kuipeleka kwa fundi wa kupuliza hailingani na thamani ya gari. Njia tutakayotumia ni rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile ya mageti na madirisha ya chuma, inayopakwa kwa rola ya sponji. Gari haliwi jipya, lakini kazi ikifanywa kwa utulivu, mtu aliyesimama hatua tatu hatambui kwamba halikupulizwa.

Kupaka rangi ndiyo sehemu fupi ya kazi. Kwenye siku kumi, saba ni za msasa na kutu. Ukibana pesa, bana kwenye kitu kingine chochote, si msasa wala praima (rangi ya msingi inayotangulia).

Mahitaji

Rangi kopo la lita 4 linatosha nje ya kebini moja kwa mikono minne (mkono ni tabaka moja la rangi) na kubaki kidogo. Tapentaini lita 3. Praima ya chuma ya mafuta lita 2, na chukua ya kijivu kama rangi yako ni nyeupe, kwa sababu praima nyekundu inakulazimisha kuongeza mkono mmoja au miwili ili isionekane. Bodi fila (lahamu ya kujazia mibonyeo) kilo 1 na hadna yake, yaani dawa ya kuikausha. Msasa namba 80 karatasi 6, namba 180 karatasi 6, msasa wa maji namba 400 karatasi 10, namba 800 karatasi 6, kisha 1500 na 2000 nne nne. Rola za sponji nzito za inchi 4, zisipungue sita, maana sponji ikishalowa tapentaini siku nzima huanza kumeguka na kuacha chembe kwenye rangi. Tepu ya karatasi, brashi ya waya, brashi laini ya inchi 1 kwa kona, barakoa na glavu.

Kuhusu rangi: nyeupe na krimu husamehe makosa mengi. Nyeusi huonyesha kila bonde na kila mkwaruzo. Metaliki, yaani rangi yenye chembe zinazometameta, usijaribu kwa rola, chembe zake hulala ovyo na gari linatoka na mabaka.

Hatua ya 1: Osha, fungua, futa mafuta

Osha kwa maji na sabuni ya unga, hasa ndani ya madigadi. Fungua taa, vitasa, vioo vya pembeni, nembo na bampa. Kufungua skrubu nne ni haraka kuliko kubandika tepu kuzunguka kitasa, na rangi haiishii kwenye ukingo utakaobanduka baadaye.

Kisha futa gari zima kwa tapentaini, vitambaa viwili: kimoja kilicholowa, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla haijakauka. Hili lifanyike KABLA ya msasa. Polishi za dashibodi na matairi zina silikoni, na ukipiga msasa kwanza unaisukuma ndani ya mikwaruzo. Matokeo yake unayaona siku ya rangi: vishimo vya duara vinavyojifungua vyenyewe, na ukiongeza rangi vinafunguka tena.

Hatua ya 2: Kutu

Brashi ya waya, kisha msasa namba 80 mpaka chuma king'ae. Doa la kahawia likibaki kwenye vitundu vidogo, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, fuata maelekezo ya chupa, na uache ikauke kabisa. Gonga pembeni ya kila doa kwa mpini wa bisibisi: sauti ikiwa butu au chuma kikibonyea, ndani kumeoza. Hapo kata na uchomelee kipande cha bati. Tundu lililojazwa magazeti na fila hunywa maji kutoka nyuma na kuvimba, haijalishi juu yake umepaka nini.

Chuma kilichobaki wazi kipate praima siku hiyohiyo. Kwa walio Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, usikilaze usiku mmoja bila praima, hewa ya chumvi inakirudisha kwenye kutu kufikia asubuhi.

Hatua ya 3: Fila

Fila huenda kwenye chuma kilichokwaruzwa kwa namba 80, si juu ya kutu wala rangi inayobanduka, kwa hiyo kwenye mibonyeo piga fila kwanza, praima baadaye. Weka kwenye kibao duara la upana wa kiganja, kamua mstari mmoja mwembamba wa hadna kutoka ukingo hadi ukingo, changanya mpaka rangi iwe moja. Kwa joto letu una dakika tatu hadi tano tu, basi changanya kidogo kidogo. Hadna ikizidi, fila inakuwa na vitundu na rangi ya hadna inaweza kupenya juu baadaye. Ikipungua, inabaki kunata na kujaza msasa.

Unene usizidi milimita 3 au 4. Sugua KIKAVU kwa namba 80 kisha 180, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao. Ukitumia vidole peke yake utachimba mifereji. Usitumie maji kwenye fila iliyo wazi, inafyonza, na maji hayo yatatoka kama malengelenge chini ya rangi.

Hatua ya 4: Praima na msasa wa maji

Praima ikishapakwa kwenye fila na chuma, ipe saa 24. Gari zima sasa lipigwe namba 400 kwa maji mpaka hakuna sehemu inayong'aa, maana rangi haishiki kwenye uso laini. Rangi kuukuu yenye uimara usiitoe yote, ni msingi mzuri.

Raba ya kioo cha mbele: ingiza waya mwembamba wa umeme chini ya mdomo wake kuzunguka kioo. Raba inanyanyuka, rangi inaingia chini yake, na ukiuvuta waya ukingo unabaki safi.

Hatua ya 5: Rangi

Rangi lita 1, tapentaini mililita 150 hadi 200. Jaribu kwenye kipande cha kioo: ukipitisha rola, mapovu yatokee na kupasuka yenyewe ndani ya dakika moja. Yakibaki, ongeza tapentaini kidogo. Ikichuruzika, ongeza rangi. Chuja kwa soksi ya nailoni.

Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, gari likiwa kivulini, na maliza kabla ya saa nane mchana. Unyevu wa jioni huua mng'ao. Bati ambalo huwezi kuliwekea kiganja kwa sababu ya joto halipakwi. Mwaga maji chini vumbi litulie.

Kipande kimoja kwa wakati: paa, boneti, mlango, bodi. Sambaza kwa kukatiza, kisha pitisha rola bila kukandamiza, upande mmoja tu. Halafu ondoka. Baada ya dakika nne rangi imeanza kushika, ukirudia unaacha alama ambayo haifutiki. Kwenye mkono wa kwanza rangi ya chini itaonekana, ni sawa, mikono myembamba minne ni bora kuliko miwili minene.

Saa 24 kati ya mikono. Baada ya mkono wa pili, namba 800 kwa maji kuondoa vumbi na vidoti vya rola, futa, endelea. Tepu itolewe mkono wa mwisho ukiwa bado unanata.

Ndani ya bodi ya mizigo, praima na mikono miwili yatosha, ila zibua vitundu vya kutolea maji.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta vitandazwe nje vikauke. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Hatua ya 6: Kung'arisha

Subiri wiki tatu. Namba 1500, kisha 2000 kwa maji ya sabuni, kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) kwa kitambaa. Kwenye kingo pita kidogo sana, hapo rangi ni nyembamba.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kutumia petroli au mafuta ya taa badala ya tapentaini?*
Hapana, ndugu. Petroli inaruka haraka, rangi inakosa kujilaza, na mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo. Mafuta ya taa yanachelewesha kukauka na kuacha uso wa kunata unaokamata vumbi.

*Milango imekunjamana kama ngozi baada ya mkono wa pili. Nimekosea wapi?*
Mkono ulikuwa mnene, au wa chini haujakauka. Juu pamefunga ngozi, chini bado pabichi. Acha wiki nzima, kwangua palipokunjamana, namba 180, 400, paka tena mikono myembamba. Kipimo: bonyeza ukucha mahali pa kujificha. Ukiacha alama, bado.

*Juu ya rangi nipige klia ya hadna (vanishi angavu ya magari) ili ing'ae zaidi?*
Usiweke, mkuu. Thina yake kali inaweza kuinyanyua rangi ya mafuta ikakunjamana yote. Tena hadna ya klia hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii.

*Nina kompresa ndogo ya kujazia upepo wa tairi. Haifai?*
Kwa kupuliza, hapana. Bunduki nyingi za rangi zinataka zaidi ya lita 200 za hewa kwa dakika, na hiyo yako itaishiwa katikati ya mlango. Itumie kupulizia vumbi kwenye kona kabla ya rangi.

*Kebini mbili niongeze kiasi gani?*
Lita 1 ya rangi, nusu lita ya praima, karatasi tatu tatu za msasa.

*Gari ni bluu, nataka nyeupe. Trafiki hawatanisumbua?*
Rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa Tanzania badilisha taarifa TRA, kwa Kenya NTSA. Na usisahau kingo za ndani za milango na chini ya boneti, ndipo bluu itakapobaki inaonekana.