Funika ukurasa, acha neno moja: kumsaidia mtoto wa darasa la kwanza na la pili nyumbani

Mwezi wa nane mwaka juzi jirani yangu hapa Lindi mjini alikuja jioni na binti yake wa darasa la kwanza, kitabu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Nimemleta akusomee, maana hiki amekimaliza chote." Nikaitikia marahaba, nikawatandikia mkeka. Mtoto akafungua ukurasa, akaanza kutiririka: baba analima shamba, mama anapika wali, Juma anacheza mpira. Hakukosea hata neno. Tatizo ni kwamba macho yake yalikuwa kwenye chungwa alilokuwa akilimenya mjukuu wangu.

Nikaokota jani la mkorosho, nikafunika ukurasa wote isipokuwa neno "anapika". Nikamwuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akaniangalia. Akalitazama jani. Kisha akaanza upya kwa sauti ya chini, baba analima shamba, mama... akisogeza kidole juu ya jani, apime neno langu liko la ngapi. Mama yake akanyamaza kimya.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 26, Newala, halafu Mtama, nikamalizia hapa mjini. Watoto wa namna ile nimewapokea kila mwaka, na wala si wajinga. Kushika ukurasa mzima kichwani ni akili nyingi. Ila huko si kusoma, na mtoto akifika darasa la tatu bila mtu kugundua, kitabu cha sayansi kitamuumbua. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote kati ya haya ninayoyaandika, fanya hili la jani leo jioni. Kama huna jani, kiganja kinatosha. Akilisoma neno la katikati lililobaki peke yake, mko vizuri, ruka uende kwenye hesabu. Asipolisoma, usimpige wala usimcheke. Anza naye kwenye sauti.

Sauti kwanza, jina la herufi baadaye

Tangu mwaka 2015 madarasa haya mawili yamejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Zamani mtoto wa miaka saba alikuwa na rundo la masomo, na wapo waliomaliza la saba hawajui kusoma barua. Kuna usafi, michezo, kuimba na kuchora pia, na yana maana yake, lakini mzigo wenyewe ni hizo K tatu.

Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha kwa "a, be, che, de". Tunaimba darasa zima mpaka bati linatikisika. Nikiandika "mama" ubaoni, mtoto ananiambia "me, a, me, a", halafu anakwama. Ana haki ya kukwama, kwa sababu "me-a-me-a" haitoi "mama" hata ukiisema kwa haraka namna gani. Nilikuja kulielewa kosa langu nikiwa na miaka tisa kazini, na bado nawaonea huruma watoto wa miaka ile tisa.

Fanya hivi. Funga midomo uitoe m kama mtu anayeguna: mmm. Mwambie naye agune. Kisha fungua mdomo: a. Sasa zisogeze zikutane: mmm-a, ma. Mara mbili: ma-ma. Herufi moja ishibe siku mbili au tatu ndipo uongeze nyingine. Irabu tano kwanza, a e i o u, halafu m, k, t, n, l, b, na kila herufi mpya iungane na irabu zote papo hapo: ka ke ki ko ku. Kiswahili kina huruma sana kwa msomaji mchanga. Herufi ikishatoa sauti yake leo, kesho haitageuka itoe nyingine, hivyo mtoto aliyeshika sauti anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia maishani.

Usimpe kila siku sentensi za kitabuni alizokwisha kuzikariri. Mwandikie maneno ya ndani ya nyumba, yasiyo na picha pembeni ya kumnong'oneza: kuku, moto, meza, kopo, nazi. Changanya. Kuna siku mwandikie neno lisilo na maana kabisa, kama "tamoku" au "belika". Akilisoma huku anacheka, ujue anasoma kweli.

Li-ndi, M-twa-ra, mi-ng'o-ko

Silabi nyepesi zikiisha, ndipo wengi wanapoanza kuchoka, na kwetu kusini ndipo pa kukaza. Mimi natumia majina matatu yanayojulikana na kila mtoto wa huku.

Lindi. Mpigishe makofi: li, ndi. Makofi mawili. Wazazi wengine huwagawia watoto "lin" na "di", hapo wanampoteza, maana n na d zimeshikana mkono na i ndiyo inayozibeba. Ukishapata ndi, unapata nda, nde, ndo, ndu, na kwa mlango huohuo mba ya mbali, nja ya njano, nza ya kuanza.

Mtwara. Makofi matatu: m, twa, ra. Lile m la mwanzo linajitegemea, midomo imefungwa, na linakula kofi lake peke yake. Wapo watoto wanaoandika "mutu" na "mutoto", kwa sababu ulimi wao umezoea kuiweka u pale. Usimwambie amekosea kuongea. Mwambie, "Hapa funga mdomo, usiufungue." Ndivyo ilivyo hata kwa "chitabu" na "chiti" kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao lugha zao zina chi- pale Kiswahili kinapoweka ki-. Mimi mwenyewe ni Mmakonde wa Newala na nilichapwa fimbo kwa "chitabu" nikiwa darasa la kwanza. Nilichojifunza siku ile ni kunyamaza darasani, na nilinyamaza mwaka mzima. Bibi aendelee kumtolea hadithi kwa Kimakonde. Mtoto mwenye maneno mengi kichwani, ya lugha yoyote, anaelewa haraka anachosoma.

Kwenye twa kuna herufi mbili kabla ya irabu, na kwenye ra kuna ugomvi wa l na r. Hapa kwetu watu wazima kabisa wanaandika "kolosho" na "Mtwala". Kwa r, mwambie aige bodaboda inayopanda kilima: rrr, ulimi utetemeke. Kwa l, ulimi unagusa nyuma ya meno na kutulia hapo. Kisha mtajie maneno, yeye anyooshe mkono akisikia bodaboda: lala, rara, kula, kura, mahali, mahari. Sikio likishatofautisha, mkono utafuata, ingawa kwa wengine itachukua mwaka.

Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, ni ya ng'. Siku ya kuila ndiyo siku ya kuiandika. Weka sufuria, menya, mpe mmoja, andika mi-ng'o-ko, halafu chini yake andika ngoma. Aseme yote mawili ashike shingo yake. Ataona kwamba kwenye ngoma kuna g inayogonga na kwenye ming'oko hakuna. Kile kialama cha juu ndicho kinachoizuia g isigonge. Ng'apa, ng'ombe, kung'oa.

Kuandika

Hapa nitapita haraka. Daftari lisubiri. Mtoto ambaye vidole havijakomaa aandike mchangani kwa kidole, herufi kubwa kama sahani, au sakafuni kwa kipande cha mkaa. Penseli ashike kwa vidole vitatu, si kwa ngumi. Wanaochanganya b na d ni wengi na huacha wenyewe. Nilikuwa nawaambia b ina tumbo mbele, imeshiba, na d imebeba mtoto mgongoni. Imla ni maneno matano tu kila jioni. Mwandiko mzuri wa kunakili ubaoni usikudanganye. Nimeona madaftari masafi kama kadi ya harusi, mwenyewe hajui alichoandika.

Korosho kumi kwenye kitambaa

Kwenye kuhesabu wazazi hufurahia mtoto akihesabu hadi mia bila kupumua. Huo ni wimbo. Mwambie akuletee korosho kumi na saba kutoka kwenye ungo uone.

Darasa la kwanza tunazunguka ndani ya 99, la pili tunapanda kwenye mamia. Kinachowasumbua si kujumlisha, ni thamani ya tarakimu. Utamwambia mtoto andike ishirini na tano, naye anaandika 205. Amekuelewa vizuri sana: ishirini, 20, na tano, 5. Kumi na moja haina shida, inajieleza yenyewe. Lakini ishirini, thelathini, arobaini na hamsini hazisemi ni makumi mangapi. Kwa wiki mbili tatu, basi, zungumza naye kwa namna ya makumi: "makumi mawili na tano". Baadaye jina la ishirini litajirudia lenyewe.

Chukua korosho zenye maganda na vipande vya kitambaa cha khanga chakavu. Chagua nzima, zisizopasuka, na umkataze kuzing'ata, maana mafuta ya ganda bichi yanababua midomo. Kila zikifika kumi, anafunga kitambaa. Vitambaa vinakaa kushoto, korosho za pekee kulia. Vitambaa 2, korosho 5: 25. Sasa mpe swali la 8 kujumlisha 5. Ana nane, unamwongezea tano. Mwache yeye aone kwamba mbili zinakamilisha kumi, afunge kitambaa, zibaki tatu. Hapo ndipo kubeba kunapozaliwa mkononi mwake kabla hakujaandikwa ubaoni. Kwa kutoa, 32 toa 7, korosho za pekee ni mbili, hazitoshi, hivyo afungue kitambaa kimoja. Ndiko kukopa. Nimekaa na mtoto mmoja Mtama aliyekataa katakata kufungua kitambaa kwa sababu alikifunga yeye mwenyewe. Tukangoja. Dakika kama tano hivi. Akakifungua, na sikuwahi kumfundisha kukopa tena.

Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanguka, madarasa ya vijijini hupungua kwa sababu watoto wako mashambani wakiokota, na ndio mwezi ambao la pili wanakaribia upimaji wao wa KKK. Siwalaumu wazazi, korosho ndiyo sare, ndiyo bati. Lakini kama ameenda shamba, basi ahesabu. Aweke mafungu ya kumi kumi, mafungu kumi ni mia, akutajie jioni ameokota ngapi. Vivyo hivyo likizo ya jando na unyago: akirudi, wiki ya kwanza rudi nyuma silabi chache kabla ya kuendelea. Usidhani mambo yote yamemngoja pale alipoyaacha.

Fedha zinafundishika dukani. Sarafu zetu za 50, 100, 200 na 500 zinaenea ndani ya namba za darasa la pili kabisa. Kabla hujamtuma, mwulize chenji itakuwa ngapi, ndipo aende. Akirudi na pungufu, mrudieni mwenye duka pamoja, yeye ndiye aongee.

Saa

Hili la saa huwachanganya hata watoto wepesi, na kosa ni letu wakubwa. Mkono mfupi uko kwenye 7, tunasema saa moja. Simu inaonyesha 7:00, tunasema saa moja. Mtoto anaona saba, anasikia moja, anakata tamaa. Tafuta saa ya mishale, hata iliyokufa betri, au chora kwenye boksi. Mwonyeshe kwamba namba tunayoitaja iko ng'ambo ya mkono mfupi: mfupi kwenye 7, ng'ambo yake ni 1. Kwenye 10, ng'ambo yake ni 4, saa nne. Aweke rula katikati ya saa aone mwenyewe. Saa ya simu iache mpaka atakapojua kutoa 6 au kuongeza 6, na hiyo ni kazi ya darasa la pili.

Muda, na cha kumwuliza mwalimu

Dakika 15 zinatosha, baada ya kula, si kabla. Mwenye njaa hasomi. Ukiona anapiga miayo, mtegee kitendawili kimoja kisha akalale. Kitendawili ni ufahamu tosha, kinamlazimisha afikirie maana iliyofichwa nyuma ya maneno.

Ukienda shule, usiulize "Anaendeleaje?" Mwalimu ana watoto wengi, atakujibu anaendelea vizuri. Uliza, "Yuko kwenye silabi zipi?" na "Namba anazifunga makumi au bado anahesabu vidole?" Mwalimu akisikia swali hilo atafungua daftari lake.

Yule binti wa jirani tulianza naye na m. Hakupenda. Alitaka kitabu chake, kile alichokuwa anasifiwa nacho, na mara mbili alilia. Kwenye mwezi wa kumi na moja nilikuwa kituo cha basi na mama yake, mtoto kasimama nyuma ya basi lenye maandishi ya rangi nyekundu, kidole hewani, midomo imefungwa. "M... twa... la." Mama yake akanigeukia amejaa furaha. Nami nikamwambia mtoto, "Bodaboda." Akavuta pumzi, akarudia.