Umeshtakiwa tena kwa kosa lilelile? Kwanza soma karatasi uliyotoka nayo kortini

"Niliachiliwa." Neno hili limewaponza wengi. Mtu anakamatwa mara ya pili, anasimama kizimbani akijitapa kwamba hakimu alishammalizia kesi, kumbe siku ile alipewa likizo tu. Somo hili ni la sheria ya Kenya.

Hatua ya 1: Jua uliachiliwa vipi. Nenda masijala ya korti ile na namba ya kesi, uombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa. Tafuta kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (sura ya 75) kilichotumika. Ukikuta 87(a), kesi iliondolewa kabla hujaitwa kujitetea, na wanaweza kukurudia kwa mambo yaleyale. Ukikuta 87(b), iliondolewa baada ya kuitwa kujitetea, na hapo uliachiliwa huru, yaani kesi ile imekwisha. Herufi moja tu! 210 (huna kesi ya kujibu) na 215 (hukumu baada ya kusikizwa) nazo ni kuachiliwa huru.

Hatua ya 2: Laza hati mbili za mashtaka mezani, ya zamani na ya sasa. Katiba ya 2010, ibara ya 50(2)(o), inakukinga usifunguliwe kesi tena kwa kitendo ulichokwisha kutiwa hatiani au kuachiliwa huru. Kifungu cha 138 cha ile sura ya 75 kinataka vitu viwili: kosa lilelile, na mambo yaleyale. Linganisha tarehe, mahali, mlalamishi, mali. Kisha uliza kila shtaka linahitaji kuthibitishwa nini. Aliyeachiliwa huru kwa kuvunja duka bado anaweza kujibu shtaka la kumpiga askari aliyekuja kumkamata. Hapa ndipo mawakili hubishana hadi jioni, kwa hiyo usiende peke yako ukiweza.

Hatua ya 3: Sema mapema. Ukisomewa mashtaka, kabla ya kujibu "ni kweli" au "si kweli", mweleze hakimu kwamba kesi hii ilishaamuliwa, na utoe ile nakala. Kifungu cha 207(5) kinamtaka achunguze hilo kwanza. Akiona si hivyo, utatakiwa kujibu shtaka.

Maswali ya wasomaji

*Nina makosa mawili kwa simu moja: wizi wa mabavu, na kupatikana na mali ya wizi. Si kuadhibiwa mara mbili?*
Angalia kama la pili limeandikwa "shtaka mbadala". Ukitiwa hatiani kwa la kwanza, hakimu halitolei uamuzi lile mbadala. Akikutia hatiani kwa yote mawili, hiyo ni hoja ya rufaa.

*Kaka alipigwa faini kwa kumjeruhi jirani. Wiki tatu baadaye jirani akafa. Wanaweza kumrudia?*
Pole sana. Ndiyo. Kifungu cha 140 kinaruhusu shtaka jipya iwapo matokeo, hapa kifo, yalikuwa hayajatokea au korti haikuyajua wakati wa hukumu.

*Nimeachiliwa huru, lakini upande wa mashtaka umekata rufaa. Ile kinga iko wapi?*
Inasimama maadamu hukumu yako haijatenguliwa. Rufaa ni muendelezo wa kesi ileile.

*Korti imenisafisha ila mwajiri bado ananiita kwenye kamati ya nidhamu.*
Kamati si korti ya jinai, kinga hii haifiki huko. Nenda na nakala ya hukumu hata hivyo.