Kuchagua nguo za ndani za suti kavu kwa maji ya nyuzi 2 hadi 12

Mzamiaji aliyezoea Mafia au Pemba, ambako maji huwa nyuzi 25 hadi 29, akivaa suti kavu (vazi la kuzamia lisiloingiza maji) kwa mara ya kwanza hudhani amemaliza habari ya baridi. Suti ya kitambaa chembamba cha tabaka tatu huzuia maji tu, kama koti la mvua. Joto linatunzwa na hewa iliyonaswa kwenye nguo za chini yake. (Suti kavu ya neoprini, yaani mpira laini wenye viputo vya gesi, ina joto lake, ila linapungua kadiri unavyoshuka, maana viputo vilivyomo vinabanwa na kina.) Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo nguo za ndani zina kazi moja: kushika hewa hiyo isizunguke, isibanwe, isilowe.

Vipimo vya hapa vinalenga sehemu kama Silfra, Iceland. Huo ni ufa unaojazwa na maji ya barafu ya Langjökull yaliyochujwa na miamba ya volkano, na mwaka mzima hubaki nyuzi 2 hadi 4. Kwa maziwa na machimbo yaliyojaa maji ya Ulaya, punguza unene kama inavyoelezwa hatua ya 3.

Hatua ya 1: Jua baridi utakayoikuta. Usisome joto la juu ya maji. Ziwa wakati wa kiangazi linaweza kuwa nyuzi 18 juu na nyuzi 6 kwenye kina cha mita 25, na chini ndiko utakakokaa. Andika pia dakika utakazokaa na kazi utakayofanya. Mpiga picha anayetulia mahali pamoja dakika 40 huhitaji nguo nzito kuliko anayeogelea muda wote.

Hatua ya 2: Nguo ya kugusa ngozi. Chagua sufu ya merino au poliesta nyembamba, mikono mirefu na suruali ndefu, iliyokaa mwilini bila kubana. Kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi. Pamba usiivae hata kama ni fulana tu au bukta: hunywa jasho unalotoka ukibeba mitungi, kisha inakaa imelowa na kukupoza mbizi nzima. Kati ya hizo mbili, merino ndiyo bora suti ikivuja, kwa sababu sufu iliyolowa bado hutunza joto kiasi.

Hatua ya 3: Nguo ya joto. Unene hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Mahali pa kuanzia:

- Nyuzi 10 hadi 12: tabaka la kwanza na ovaroli ya gramu 200.
- Nyuzi 5 hadi 9: tabaka la kwanza na gramu 300 hadi 400.
- Nyuzi 2 hadi 4: tabaka la kwanza, gramu 400, na kizibao cha flisi (kitambaa laini chenye manyoya) juu ya kiwiliwili.

Ongeza kizibao kabla ya kufikiria ovaroli nene zaidi. Kinaongeza joto kifuani na mgongoni, na mabega yanabaki huru. Kuhusu kitambaa: flisi hunyumbuka vizuri na ni nafuu, lakini hubanwa kirahisi na shinikizo la maji. Thinsulate, kijazio cha nyuzi nyembamba sana za sintetiki, hustahimili kubanwa na hubaki na joto kiasi ikilowa. Kasoro yake ni ugumu wa kukunjika, kwa hiyo tafuta iliyoshonewa vipande vinavyovutika kwapani, kwenye msamba na mgongoni. Vipande hivyo vina thamani kuliko gramu 100 za ziada.

Hatua ya 4: Jaribu ukiwa na suti juu. Wengi hukosea hapa, na kosa ni ghali kulirekebisha. Nunua nguo za ndani kwanza, kisha uende kupima suti ukiwa umezivaa. Funga zipu, toa hewa ya ziada, halafu:

1. Chuchumaa mpaka chini. Ukivutwa msambani, suti ni fupi au nguo ni nene mno.
2. Jikumbatie, kila mkono ushike bega la upande wa pili. Mgongo ukikaza, nguo imebanwa hapo, na palipobanwa hamna hewa.
3. Nyoosha mkono nyuma ya kichwa mpaka ufikie vali ya mtungi. Usipoifikia nchi kavu, hutaifikia majini ukiwa na glavu.
4. Inama uguse kamba za mapezi.

Ukishindwa jaribio la 3, punguza unene au badilisha suti. Usijipe moyo kwamba itazoeleka.

Hatua ya 5: Kagua vali na mipira ya kuzuia maji mikononi. Vali ya kutolea hewa huwa juu ya mkono wa kushoto. Nguo yenye uso laini wa nailoni inaweza kunyonywa na kuziba tundu la vali kwa ndani. Hewa isipotoka wakati unapanda, inapanuka na kukupandisha kasi usiyoitaka. Jaza suti hewa kidogo, fungua vali, inua kiwiko, usikilize. Ikitoka kwa kusitasita, shonea kipande cha wavu ukubwa wa kiganja mahali hapo. Manyoya ya flisi nayo hukwama kwenye vali na kusababisha kuvuja, kwa hiyo suuza vali kwa maji safi kila baada ya mbizi.

Kingo za mikono zisiingie chini ya mpira wa kifundo cha mkono: uzi mmoja tu unatosha kupitisha maji.

Hatua ya 6: Miguu. Soksi nyembamba ya merino, kisha moja nene, basi. Ya tatu ikibana ndani ya buti husimamisha damu, na vidole vinakufa ganzi mapema zaidi.

Hatua ya 7: Pima uzito upya. Hewa zaidi ni kuelea zaidi. Ukihamia nguo nene, anza na kilo 2 za ziada za vipande vya risasi vya kukuzamisha. Mtungi ukibaki na shinikizo la baa 50, kaa mita 3 hadi 5 jaketi la kuelea likiwa tupu na suti ikiwa na hewa ya kukutosha kutobanwa tu. Uweze kutulia hapo. Rekebisha kilo moja moja. Anayebeba pungufu hulazimika kutoa hewa kwenye suti ili asielee, nguo zinabanwa, anasikia baridi, kisha analaumu ovaroli.

Kama unapumua mchanganyiko wa gesi wenye heliamu, usijaze suti nao: heliamu hupitisha joto karibu mara 6 kuliko hewa. Chukua mtungi mdogo wa hewa ya kawaida kwa ajili ya suti.

Fua nguo kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila kilainishi, kwani hubaki kwenye nyuzi na kuzuia jasho kutoka. Anika kivulini. Usizikunje na kuzibana kwenye begi msimu mzima; zitundike, maana zilizolala zimebanwa hupoteza unene, na hewa iliyokuwa ndani yake.